Koti Nyuma ya Mlango

Mume wangu alikuwa mvuta sigara kabla sijamjua, na alipoacha sigara hakuacha moshi. Rafiki yake wa Nakonde, wakala wa forodha upande wa Zambia kama yeye alivyokuwa wakala upande wetu, alimletea vepu, ile sigara ya umeme inayotoa mvuke. Haikuwa zile nyembamba kama kalamu wanazotembea nazo vijana. Ilikuwa nzito, unene wake unajaza kiganja, ina kioo kidogo kinachoonyesha namba, kitufe pembeni, na juu yake tangi la kioo la kuwekea ile juisi yenye ladha. Ndani ya tumbo lake zililala betri mbili nene kuliko za tochi.

Nakumbuka siku rafiki huyo alipomfundisha. Walikaa sebuleni kwetu Chapwa, mtaa wa Tunduma, mimi niko kwenye cherehani yangu karibu na dirisha, nasikiliza bila kutaka.

"Hizi ni mapacha," rafiki alisema, ameziweka betri mezani. "Zimenunuliwa pamoja, zitachajiwa pamoja, siku zikichoka utazitoa zote pamoja. Usichanganye moja ya hapa na nyingine ya kwenye tochi."

"Na hili ganda?" mume wangu aliuliza. Betri zilikuwa zimevikwa plastiki ya kijani, nyembamba kama mfuko wa rambo.

"Hilo ndilo la kuangalia. Mwili wote wa betri, huku pembeni na huku chini, ni upande mmoja wa umeme. Hiki kichwa cha juu ni upande wa pili. Kinachovitenganisha hapa juu ni hili ganda na kijipete cha karatasi. Likichanika, weka betri pembeni, usiitumie mpaka ivikwe ganda jipya. Na usiitie mfukoni na funguo. Kamwe, mulamu."

Mulamu ni shemeji kwa Kibemba. Alimwita hivyo mume wangu kwa utani, na mimi pia aliniita hivyo hivyo. Nilicheka nikasema wanaume wawili wazima wamekaa wanafundishana kunyonya kama watoto wachanga. Mume wangu hakukasirika. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu; karatasi za mizigo alizipanga mpaka kona zilingane, na ile vepu akaitunza vilevile. Kila Jumamosi alibadilisha koili, ule waya mwembamba uliojikunja kama springi na kuzungushiwa pamba. Aliidondoshea pamba juisi tone kwa tone, akafunga tangi, akasubiri iloe kabisa ndipo abonyeze. Aliniambia ukiiwasha ikiwa kavu pamba inaungua, na harufu yake haitoki kooni siku nzima. Betri alipozitoa kifaani alizitia kwenye kiboksi cha plastiki. Na kila alipomaliza kuvuta alikibofya kitufe haraka haraka mara tano ili kifaa kijifunge. Tik tik tik tik tik. Nilikizoea kile kisauti kuliko sauti ya kikohozi chake.

Juisi aliyoipenda ilikuwa ya zabibu. Nyumba yetu ilinukia peremende ambazo hakuna aliyezila.

Alifariki mwezi wa upepo, wakati vumbi la barabara ya mpakani linapoingia mpaka ndani ya vyungu. Mchana ule alikuja nyumbani kula. Asubuhi kulikuwa na baridi akatoka na koti, mchana jua likawaka, kwa hiyo akalivua akalitundika kwenye msumari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chetu. Akasema anarudi yadi mara moja, kuna lori la shaba limekwama foleni, akitoka huko atakuja kupumzika. Aliangukia hapo hapo yadini, kati ya malori. Hospitali walisema mshipa wa kichwani umepasuka. Wapo waliosema ni ule mvuke. Mimi sijui, na daktari niliyemuuliza alisema naye hawezi kujua.

Tulimzika kwao Ikinga, kule Ileje. Tulipomaliza maziko, mama yake aliamua kurudi nami Tunduma akae nami mpaka siku ya kumaliza msiba. Binti yetu alikuwa shule ya bweni, na mama mkwe hakutaka nikae peke yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mkono wake mgumu kwa kulima, Mmoravian wa kufunga kitambaa cheupe kila Jumapili. Mimi ni Mnyiha wa kule karibu na Mbozi Mission, yeye ni Mndali. Tuliongea Kiswahili, na alipokuwa na jambo la moyoni alirudi kwenye Kindali ambacho mimi naelewa nusu ya nusu.

Nguo za marehemu kwetu haziguswi mpaka siku ya kumaliza msiba, zigawiwe mbele ya ndugu. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda. Koti lilibaki kwenye msumari.

Siku ya kwanza nilikuwa napanga mashuka chumbani. Ilikuwa alasiri, upepo umeshaanza kama kawaida ya saa zile, dirisha liko wazi na pazia linajaa na kusinyaa. Mlango ulisukumwa na upepo ukaenda wote mpaka ukutani. Nikasikia harufu ya zabibu.

Nilisimama na shuka mkononi. Haikuwa harufu ya nguo iliyokaa. Ilikuwa mbichi, yenye joto, kama ya mtu aliyepuliza sasa hivi karibu na sikio langu. Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Kitambo kidogo ikapotea.

Nilijiambia ni majonzi, kwamba pua nayo inaomboleza. Lakini siku iliyofuata tulikuwa sebuleni, mama mkwe anachambua maharage kwenye ungo, na mlango wa chumba ukagonga ukuta kule ndani. Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, mama."

Hakuuliza nimesikia nini. Akaendelea kuchambua, polepole, akitupa pembeni hata punje nzima.

Baada ya hapo harufu ilikuja karibu kila alasiri. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara nyingi, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekaa anavuta kwa raha zake. Na si harufu peke yake. Ukinyamaza ulisikia na sauti, ndogo sana, kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango cha nyumba ya jirani. Sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti ya mume wangu akivuta. Nilikaa nayo miaka mingi, alipokuwa akisoma karatasi zake kitandani nami nimempa mgongo.

Kuna alasiri nilikwenda nikachungulia kutoka koridoni. Mapazia ya upande wa kitandani tulikuwa tumeyafunga tangu msiba, chumba kilikuwa na kigiza. Mlango ulikuwa umesukumwa wote. Katika ufa wa bawaba, pale mlango unapokutana na ukuta, niliona mwanga wa bluu, hafifu, ukawaka, ukakaa, ukazimika. Juu yake ukapanda ukungu mweupe na kutawanyika. Nilirudi sebuleni nikakaa kwenye kiti cha cherehani na nikakanyaga pedeli bila nguo, ili kuwe na kelele tu.

Najua mtu atauliza kwa nini sikufikiria ile vepu. Nimejiuliza mwenyewe. Jibu ni kwamba niliamini alikwenda nayo yadini. Alikuwa haendi popote bila hiyo vepu. Vitu vyake vilivyorudishwa kutoka hospitali vilifungwa kwenye mfuko, na mfuko ule sikuufungua; kaka yake ndiye aliyeupokea akaenda nao Ikinga. Kichwani mwangu kifaa kilikuwa huko, mbali, na mwenyewe alikuwa ardhini. Kwa hiyo kilichokuwa kinavuta chumbani kwangu nilikipa jina moja tu.

Mama mkwe aliacha kuogopa kabla yangu. Alichukua kigoda akakiweka chumbani, katikati ya sakafu, akitazama mlango. Kila alasiri aliingia akakaa pale na kitenge chake kimefungwa vizuri, kama mtu anayesubiri mgeni. Mlango ukisukumwa na upepo, harufu ikitoka, alianza kuongea Kindali kwa sauti ya chini. Niliokota maneno machache: mahindi, ng'ombe, jina la utani la utotoni. Alikuwa anampa habari za nyumbani. Anasema, ananyamaza, anasikiliza ile sauti ya kuchemka, anatikisa kichwa kukubali. Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu maziko. Alikula. Usiku alilala.

Mimi nilisimama koridoni nikimsikiliza, na nitasema ukweli, nilimwonea wivu. Kwangu hakuwa anasema chochote.

Kisha harufu ikabadilika.

Kwanza zabibu ilikuwa nyepesi, ikaingiliwa na kitu kichungu. Siku iliyofuata uchungu ukazidi. Halafu zabibu ikaisha kabisa, ikabaki harufu ya kuungua, kavu, kama utambi wa taa ya chemli mafuta yakikauka. Iliingia kooni ikakaa. Mama mkwe alitoka chumbani siku hiyo ameshika ukuta.

"Anaungua," alisema.

"Mama, kaa kwanza."

"Mwanangu anaungua. Mwanzo alikuwa pazuri, sasa yuko pabaya. Huisikii?"

Niliisikia. Mimi pia niliwaza hivyo hivyo, nikiwa nimekaa ibadani miaka yote nikisikia habari za moto.

Tuliwaita akina mama wa kanisa. Walikuja alasiri, wakaingia chumbani wengi kiasi kwamba tulibanana, na wa mwisho aliyeingia akafunga mlango nyuma yake ili watoto wa jirani wasichungulie. Tuliimba, tukaomba. Upepo ulivuma nje, pazia likajaa, na harufu haikuja. Walikaa muda mrefu, haikuja. Mama mkwe alilia kwa shukrani. Waliaga, wakafungua mlango, wakatoka mmoja mmoja, na yule wa mwisho alipokuwa akivaa viatu mlangoni pa sebule, mlango wa chumba uligonga ukuta. Harufu ya kuungua ikatujia sote. Yule mama aliondoka na kiatu kimoja hakijafungwa.

Jioni ile, jua halijazama, niliingia mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilivuta mlango kidogo nikaona koti, mikono yake miwili imening'inia, mabega yamekaa kama yanavyokaa kwa mtu. Nikaweka kiganja changu ubavuni mwake.

Lilikuwa na joto. Si joto la jua. Jua halifiki nyuma ya mlango. Lilikuwa na joto la nguo ambayo mtu ameivua sasa hivi. Niliuondoa mkono, nikarudi nyuma mpaka kitanda kikanigonga magotini, nikakaa hapo nikilitazama. Sikumwambia mama mkwe. Nilijua angetaka kulikumbatia.

Rafiki wa Nakonde alikuja siku chache baadaye. Wakati wa msiba alikuwa Ndola kikazi, aliwahi maziko tu na kurudi, kwa hiyo alikuja sasa kutupa pole ya kukaa. Tulimpa kiti, mama mkwe akampa mkono, akaanza kuuliza hali za nyumbani. Upepo ukafanya kazi yake. Mlango ukagonga.

Alinyamaza katikati ya neno. Akainua uso, akavuta pumzi kwa pua, na nikaona rangi inamtoka usoni kwa namna nyingine kabisa, si ya mtu anayeogopa wafu.

"Mulamu," alisema taratibu, "mashine yake iko wapi?"

"Ipo Ikinga. Ilikwenda na vitu vyake."

"Hapana. Hiyo ni koili inaungua. Pamba imekauka. Nipe ruhusa niingie chumbani."

Nilimwonyesha. Alivuta mlango, akaliona koti, akaligusa mfukoni kwa nyuma ya vidole. Hakuingiza mkono. Alilishusha kwenye msumari akilishika kola, amelinyoosha mbali na mwili wake, akapita nalo sebuleni mpaka uani, akalilaza kwenye udongo mbali na kuni. Ndipo akakifungua kifuniko cha mfuko kwa kijiti na kukitoa kifaa.

Bitana la mfuko lilikuwa limegeuka kahawia, katikati jeusi, na lilipoguswa likameguka. Kioo cha tangi kilikuwa kikavu, kimeingia masizi. Alikibofya kitufe haraka haraka mpaka kikajifunga, tik tik tik, na mama mkwe aliyekuwa amesimama mlangoni akashtuka kwa sauti ile. Rafiki akafungua tumbo la kifaa akazitoa betri. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ganda lake lilikuwa limechanika karibu na kichwa, kipande kama ukucha, chuma kinang'aa.

"Hii nilimwambia," alisema. "Alisema wiki hiyo atanunua ganda jipya." Akaigeuza mkononi. "Hakuifunga mashine. Alijua anarudi."

Kisha alituonyesha. Aliingia chumbani akasukuma mlango mpaka mwisho, akaweka kidole pale ambapo kitasa kinagusa ukuta. Hapo ndipo mfuko wa koti ulipokuwa unaning'inia. Upepo ukisukuma mlango, kitasa kinabonyeza mfuko, mfuko unabonyeza kitufe. Upepo ukilegea, kitufe kinaachiwa. Mlango ukirudi, kinabonyezwa tena. Akasema kifaa kile kina akili ya kujizima kikibonyezwa sekunde kumi, hata kama mkono haujatoka, na hapo ndipo tuliponusurika. Zile za kienyeji zisizo na akili hiyo zingewaka zisiache, na nyumba ingekwenda.

"Kwa hiyo hakuna mtu," mama mkwe alisema.

Rafiki alitazama chini. Nafikiri angetoa chochote asilijibu swali lile.

"Hapana, mama. Ni upepo na mlango."

Mama mkwe alitikisa kichwa kama anavyotikisa mtu akielezwa bei ya kitu. Akaingia ndani, akachukua kigoda chake chumbani, akakirudisha jikoni.

Rafiki alizitia betri kwenye kiboksi cha plastiki kilichokuwa kwenye droo, kila moja kwenye nafasi yake, akataka selotepu afunike vichwa. Sikuwa nayo. Alisema basi zibaki humo humo, zisitolewe, zisikae juani, na akija tena atazipeleka kwa fundi mmoja Nakonde anayekusanya betri zilizochoka. Hakuzichukua saa ile kwa sababu alikuwa amekuja kwa bodaboda, na hakutaka kupita nazo mpakani mfukoni. Aliniachia kiboksi mkononi, nikakirudisha kwenye droo.

Nyumba ikanyamaza. Nilidhani ningefurahi. Alasiri zilikuja, upepo ukaja, mlango ukagonga ukuta mtupu, na hakukuwa na kitu. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko yote yaliyotangulia. Siku moja nilijikuta nimesimama chumbani nausukuma mlango kwa mkono, nauvuta, nausukuma tena, nasikiliza. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa koridoni ananitazama.

Jumapili tulikwenda kanisani. Alivaa kitenge chake kizuri na kitambaa cheupe. Kona ya kitenge ilikuwa imefungwa fundo, kama wanavyofanya wamama wengi, na ndani ya fundo niliona umbo la ufunguo wa kufuli letu, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mlango, pamoja na sarafu za sadaka. Fundo alilichomeka kiunoni, chini ya vazi. Lilikuwa nene kuliko kawaida. Niliona, nikapita.

Ilikuwa wakati wa maombi. Tumesimama, macho yamefumbwa, mchungaji anaomba. Nikasikia harufu. Si zabibu, wala si pamba. Ilikuwa tamu kwa namna ya kuchukiza, kama rangi ya kucha iliyomwagika. Nikafumbua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama wima kando yangu, mkono wake umekandamiza kiuno, macho ameyafumba, na machozi yanamtiririka. Midomo ilikuwa inaongea Kindali. Alikuwa anatabasamu.

Kisha kukawa na mlio, kama nyoka, kama gesi inayovuja, na moshi mweupe ukatoka kiunoni mwake.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nimeshika kitenge kwa mikono miwili nakivuta, yeye anashikilia, ndiyo, alikuwa anashikilia, na mimi namvuta mpaka akaanguka kwenye benchi na kitenge kikabaki mkononi kwangu. Nilikitupa sakafuni. Fundo liliwaka moto mkali mdogo, mweupe katikati. Mzee mmoja wa kanisa alilisukuma kwa mguu wa benchi mpaka nje mlangoni, kwenye vumbi, akazuia watu wasisogee. Liliruka ruka pale chini kama kitu hai, likatema cheche, kisha likafuka tu. Akina mama walimmwagia mama mkwe maji safi mfululizo, ndoo baada ya ndoo, mpaka gari likapatikana.

Ngozi ya nyonga yake ilikuwa imetoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Hospitali walimsafisha, wakamfunga, wakasema atapona lakini kovu halitaondoka.

Nilikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala. Nilisubiri mpaka dawa ya maumivu ikamkolea akafungua macho.

"Uliitoa kwenye kiboksi," nilisema.

"Niliichukua moja. Nyingine nilikuachia wewe." Alisema hivyo kama watu waliogawana mali. "Nilichagua ile iliyochanika. Nilijua aliishika sana."

"Ilipopata joto, mama, kwa nini hukuitupa?"

Alitazama chandarua kilichokunjwa juu yake.

"Mwanzo ilikuwa joto dogo," alisema. "Kama mkono wa mtoto. Nikasema, amekuja. Wale wanasema mlango, upepo, sawa, lakini hapa hakuna mlango. Hapa ni kanisani na amenishika kiuno kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, nikipika." Akapumua. "Baadaye ikawa moto. Nilijua kabisa ni moto. Lakini nilisema, nikiitupa, nitakuwa nimemtupa mara ya pili."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumweleza nilivyoelewa kutokana na yale rafiki aliyofundisha sebuleni: kwamba ufunguo umegusa kichwa cha betri na chuma kilichokuwa wazi kwa wakati mmoja, na umeme wote uliokuwa ndani ukatafuta njia hiyo fupi. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Nikayaacha.

"Wewe ulikuwa unamsikia?" aliniuliza. "Kule chumbani. Sema kweli."

"Nilikuwa nasikia harufu yake."

"Hakuongea nawe?"

"Hapana."

"Na mimi hakuniongelesha," alisema. "Nilikuwa naongea peke yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba tulie pamoja. Muuguzi alikuja akadhani ni maumivu, akataka kumwongezea dawa.

Rafiki wa Nakonde alikuja kuichukua betri iliyobaki siku ile ile aliyopata habari, safari hii na selotepu mfukoni. Alifunika kichwa na kitako chake, akaitia kwenye kiboksi, kiboksi akakitia kwenye mfuko wake peke yake bila kitu kingine. Aliomba msamaha kwa mama mkwe akiwa amepiga goti kando ya kitanda. Mama mkwe alimwambia ainuke, akamuuliza kama amekula. Yeye mwenyewe hajaacha kuvuta mpaka leo. Lakini akija kwangu, kabla hajakaa, anakitoa kifaa chake na kuzitoa betri zote mezani mbele yangu, nami nayaangalia maganda yake moja moja mpaka niridhike ndipo namletea chai. Hatujawahi kukubaliana hivyo. Tulianza tu.

Siku ya kumaliza msiba ilisogezwa mbele mpaka kidonda kipone. Tulikwenda Ikinga pamoja, mimi na mama mkwe, kwenye gari la shemeji yangu, akiwa amekalia mto kwa sababu ya nyonga. Ndugu waligawa nguo. Mfuko ule kutoka hospitali ulifunguliwa, ukatoka mkanda, saa na simu. Koti hakulitaka mtu kwa ule mfuko ulioungua, hivyo nililibeba mimi.

Kesho yake wanawake wa jirani walikuja kumwangalia. Walikuwa wamesikia kitu kimemuunguza mjini na walitaka kujua. Mama mkwe aliinua kitenge kidogo akawaonyesha kovu, ambalo lilikuwa bado la waridi na limejikunja kingo. Wakasema pole, wakashika vifua.

"Ni betri ya simu," aliwaambia.

Nilimtazama. Naye akanitazama, uso wake hauna kitu.

"Simu hizi," mmoja alisema. "Na mimi ya kwangu huwa inapata moto."

"Basi usiiweke na funguo," mama mkwe alijibu. "Na ikipata moto, itoe nguoni. Usisubiri."

Wale wanawake wakaanza kila mmoja kusimulia ya simu yake. Mama mkwe akanyanyuka akishikilia ukuta, akaniambia nimletee ungo, kuna mahindi ya kupukuchua kabla mvua haijaanza. Nikaleta ungo, tukakaa.